Hatukulia Mwezi wa Viwavi

Kijiji cha Feijiabang,
Huzhou, Zhejiang.
22 Aprili, 2009

Mpendwa Mama Mdogo Juyun,

Salamu nyingi zikufikie huko Hetian, wewe na Baba Mdogo na nyumba nzima. Nyonga inaendeleaje? Nimesikia umeanza kutembea kwa fimbo na kwamba unaificha wageni wakija. Usijitie ujana, Mama Mdogo. Fimbo haina aibu. Najua pia kwamba msimu huu kwenu ni wa upepo wa mchanga. Kitunze kifua chako.

Sisi huku tu wazima, ingawa uzima wetu ni wa kuvuta miguu tangu tumzike Mama.

Usijilaumu tena kwa kutofika mazikoni. Ule utando wa hariri uliotuma, mimi mwenyewe nilimtandika nao kifuani, juu ya wangu na wa mdogo wangu Weixing. Nikamwambia kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mama, huu ni wa Juyun." Nilitaka aondoke akijua hukumsahau.

Uliniuliza habari za Baba katika barua ya mwaka mpya nami sikukujibu. Nisamehe. Sikuwa na la kuandika. Tangu msiba alikuwa kama mtu aliyemeza ulimi wake. Ukimpa chakula anakula, usipompa haombi. Unawajua wale wawili walivyokuwa: ugomvi tangu jogoo wa kwanza, mara chumvi, mara kondoo, mara nani kaacha mlango wazi. Bi Yao, jirani yetu muuza tofu ya soya, alikuwa akisema yeye hana haja ya redio maadamu anaishi ukuta mmoja nasi. Sasa nyumba ikawa kimya hadi ukawa unasikia saa ya ukutani.

Na siku ya mazishi hakudondosha hata chozi moja. Watu walinong'ona. Weixing alikasirika kuliko wote. Aliniambia nyuma ya jiko, "Dada, hata jiwe lingetoka jasho leo. Yule mzee ana nini kifuani?" Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa anakuja nyumbani kuleta mchele na mafuta tu, anaviweka mlangoni, anageuza gari.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kile kiwanda chenu cha mjini, ulichofanyia kazi ya kukunjua hariri kabla hawajawapeleka huko magharibi kufundisha wengine, wamekifanya makumbusho. Mwaka juzi watu wake walipita vijijini kuzungumza na akina mama wazee waliofuga viwavi. Walifika hata kwetu. Baba hakuwapo, alikuwa kwa daktari wa meno. Mama alituambia tu kwamba walikuwa na adabu na wamempa chupa ya chai na taulo. Tukadhani wamempiga picha, yakaisha. Basi kabla ya kufagia makaburi ya Qingming mwaka huu wakatualika, familia zote za wale akina mama, tukaangalie.

Baba hakusema atakwenda wala hatakwenda. Nilimpa koti, akavaa. Weixing aliendesha gari bila kufungua mdomo, na mimi nilikaa katikati ya mabubu wawili nikizungumza peke yangu kuhusu mvua.

Mama Mdogo, usingekitambua kiwanda chako. Sakafu inang'aa. Mabeseni yenu yamepangwa mstari, makavu, yamesuguliwa mpaka unajiona ndani yake. Ile harufu ya vifukofuko vya viwavi vilivyochemshwa, iliyokuwa ikikuganda nyweleni hata ukija kwetu sikukuu, haipo kabisa. Wameweka sanamu za wasichana wenye vidole vyeupe laini. Nilikumbuka vidole vyako na vya wenzako, vilivyokuwa vimevimba na kuchubuka kwa maji ya moto mwaka mzima, nikapita haraka.

Wamepanga historia yote, kuanzia vipande vya hariri vilivyofukuliwa ardhini hadi majoho ya mabwana wakubwa wa zamani, yamefungiwa kwenye vioo. Baba alipita yote kama mtu anayepita sokoni bila hela. Alisimama mara moja tu, penye viwavi hai, akanyoosha mkono akayashika majani ya mforsadi, akayanusa, akayarudisha. Mlinzi wa pale, mama mmoja wa makamo aitwaye Ling, alitaka kumkataza, akamwangalia usoni, akaacha.

Chumba cha mwisho wamekitengeneza kama sebule ya kijijini wakati wa kufuga. Trei za mianzi zimepandana hadi dari, mafungu ya mabua ya mpunga ya viwavi kupandia, na karatasi nyekundu mlangoni ya kuwaonya wageni wasiingie. Pembeni kuna kitufe. Mimi ndiye niliyekibonyeza, bila kufikiri.

Ikatoka sauti ya Mama.

Si sauti inayofanana na yake. Ni yeye, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuanza, na lafudhi yetu ya huku. Nakuandikia alivyosema, maana nimeisikiliza mara nyingi mpaka imekaa kichwani:

"Mwaka ule kikosi cha kazi cha kijiji kilileta trei kwetu, sebule yetu ndiyo ilikuwa kubwa. Hawakuwa wetu wale viwavi, ulikuwa wali wa kijiji kizima. Nasi hatuwaiti viwavi, tunawaita watoto. Wakiamka usingizi wa nne, ule wa mwisho wa kujivua ngozi, wee! Wanakula kama mvua inavyopiga majani, hawashibi. Mimi nilikuwa na mimba changa ya kwanza, eh, si changa, imeshakuwa kubwa, nabeba vikapu vya majani. Uchungu ukanikuta na kikapu mgongoni. Mama mkwe akanipeleka banda la kondoo, maana mzazi haruhusiwi nyumba yenye watoto hawa. Nikajifungua kabla ya wakati. Wa kike. Aliishi mpaka jioni. Mama mkwe akaniambia, 'Usilie. Ukilia watasusa kula, na kijiji kizima kitakosa.' Basi, hatukulia. Mwezi wa viwavi halii mtu nyumbani. Mume wangu akamchukua mtoto akaenda naye, akarudi mikono mitupu, akashika kikapu, akaendelea kulisha. Neno hakusema. Vifukofuko vilipokwisha kupimwa, nikaenda mjini kwa mdogo wangu, nikalia kwenye kitanda chake kutwa nzima. Jina la mtoto nilimtajia yeye tu. Lakini mume wangu, mpaka leo sijui kama yule mtoto alimuuma."

Kisha inasikika sauti ya kijana aliyekuwa akimhoji, anauliza taratibu, "Na mavuno ya mwaka huo, bibi?"

"Mavuno?" anasema Mama. "Mazuri mno. Tulipewa bendera nyekundu."

Na hapo inakatika.

Mama Mdogo, mimi nina miaka arobaini na mitatu. Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba. Nilipokuwa nikigombana na Weixing utotoni, ndilo lililokuwa neno langu la kumnyamazisha, kwamba mimi ndiye wa kwanza. Nilisimama pale nikijiona kama mtu aliyekaa kiti cha mwenzake bila kujua. Nilimtazama Weixing. Alikuwa ameshika ukingo wa trei.

Baba akasogea. Akakibonyeza kitufe mwenyewe. Akasikiliza yote, kichwa amekiinamisha kama anayekaripiwa. Ikaisha. Akabonyeza tena. Ilipofika mahali pale Mama anaposema kwamba neno hakusema, Baba akapaza sauti, ile ya kwanza kuisikia kutoka kwake tangu msiba:

"Nyamaza basi, Juzhen! Nyamaza na wewe unisikie!"

Watu wakageuka. Mama yuko palepale kwenye ukuta anaendelea kusema. Baba akampigia kelele juu ya maneno yake, kama walivyozoea nyumbani.

"Nililia! Nani kakwambia sikulia? Nililia kwenye miforsadi, kila kikapu nilicholeta nimekililia kwanza! Ningelia mbele ya mama yangu, na trei zile zote ndani? Mbona hukuniuliza? Miaka yote hiyo umeniuliza nimeweka wapi jembe, umeniuliza nimekula nini, hilo hukuniuliza!"

Yule mama Ling akaja mbio, akamshika kiwiko kwa upole. "Mzee wangu, pole. Hiyo ni kanda tu, hakusikii."

"Najua ni kanda," Baba akasema. Akashusha sauti. "Ningejua anayabeba haya moyoni, ningemwambia zamani. Sasa nimwambie nani?"

Ling alimwachia kiwiko, akaenda akafunga mlango wa chumba, akasimama nje akiwazuia watu wengine wasiingie. Mungu wa mbinguni amlipe wema ule.

Weixing ndiye aliyemwendea. Alipiga magoti mbele yake kama tunavyowasalimu wazee siku ya mwaka mpya, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya Baba. Alisema, "Baba, nilikufikiria vibaya." Baba akampigapiga mgongoni, "Inuka, sakafu baridi." Wanaume wa nyumba hii unawajua.

Siku ya Qingming, tulipokwisha kufagia kaburi la Mama na kumwekea maandazi yake ya kijani na chai ya maharage yaliyokaushwa kwa moshi, Baba hakugeuka kurudi. Alitangulia mbele, tukamfuata hadi mwisho wa tuta la miforsadi, karibu na bwawa la samaki. Pale hakuna kitu, majani tu. Akasema, "Ni hapa. Nilimfunika kwa koti langu la harusi. Mama yenu aliliulizia lile koti, nikamwambia nimelipoteza. Akanigombeza wiki nzima." Tukakata majani kwa mikono. Kumbe ndiyo sababu, Mama Mdogo, kila watu walipotaka kulichukua tuta lile Baba alikataa, nasi tukimwita mbishi.

Tulirudi nyumbani mchana, jua linawaka. Baba aliingia sebuleni, akasimama katikati, mahali trei zilipokuwa zikipangwa, akalia. Mama Mdogo, sijawahi kusikia kilio kama kile. Hakujiziba uso. Aliachia kwa sauti yote, mlango wazi, mpaka kuku wakakimbia uani.

Bi Yao akaja mbio, mikono imejaa maji ya soya. "Kafa nani? Jamani, kafa nani tena?"

Baba akamjibu, "Binti yangu."

Bi Yao akanitazama mimi niliyesimama mzima mbele yake, akashangaa.

"Siyo huyo," Baba akasema. "Dada yake."

Bi Yao alifuta mikono kwenye aproni, akaketi chini karibu naye, akaanza kulia kama mtu aliyefika matangani. Baada yake wakaja wengine wa mtaa huu. Hakuna aliyesema kwamba ni zamani. Bi Yao alirudi kwake akatuletea sinia la tofu, nyeupe, kama inavyopasa nyumba yenye msiba, na Baba akala bila kuambiwa.

Tangu siku ile anazungumza kidogo. Jana amegombana na Weixing juu ya namna ya kufunga lango la kondoo. Makumbusho walitaka kumpa kanda ile aje nayo nyumbani, akakataa. Akasema huko iliko ndiko anakokwenda kumsikia, na Weixing humpeleka kila anapopata nafasi. Sijui kama ni vizuri. Nikimwona anavyovaa koti lake jipya kabla ya kwenda, moyo unanikatika.

Nisikuchoshe kwa marefu. Watu wa nyumbani wote wanakusalimu: Weixing na mkewe, Bi Yao, na mume wangu aliyeko kazini. Msalimie sana Baba Mdogo, na binti yako Guli, mwambie mtoto wake anayenyonya asimfunike mno wakati wa joto. Mbingu ziwape afya, na, kama msemavyo huko, njia zenu ziwe nyeupe.

Baba amekaa hapa mezani ninapoandika, na amenitaka niyaweke maneno yake kama yalivyo. Anasema: "Shemeji, nashukuru siku ile alikuwa na kitanda cha kulilia. Mimi nilidhani alibaki peke yake. Sasa niambie, alimwita nani? Nataka kumwita."

Ni mimi mwanao, nikupendaye kwa dhati,
Suqin