Sahani Tupu za Udongo wa Natron

Morogoro, 12 Machi 1992

Shikamoo Baba Mdogo,

Mimi mzima, sijui ninyi huko Kigali na habari hizi za vita. Chupa anayokuletea Zephaniah, dereva wa lori, ina udongo wa magadi kutoka kando ya Ziwa Natron. Hata nyasi hazioti humo, lakini kwa darubini niliona bakteria wa aina nyingi. Profesa wangu hapa chuoni anataka maabara nyingine ithibitishe ndipo anipe nafasi ya utafiti. Nikakutaja wewe na maabara yenu ya hospitali.

Mwanao,
Mukandekezi

Kabeza, Kigali, 30 Aprili 1992

Marahaba mwanangu,

Tunapumua. Udongo nimeuotesha mara tatu katika labo yetu. Sahani zote za kuoteshea bakteria ni tupu. Nimemwandikia Profesa kwamba hakuna kilicho hai. Pole.

Baba yako mdogo,
Eustache

Karagwe, 8 Juni 1992

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini homa ya Mama Mdogo, niliyoisikia kwa Zephaniah, imepoa. Nimerudi nyumbani, nafundisha shule ya msingi. Nafasi amepewa mwingine. Usijilaumu, ulisema ulichokiona.

Mwanao,
Mukandekezi

Kabeza, 17 Januari 1993

Mwanangu,

Nakuombea afya kwanza, maana yanayofuata ni mabaya. Sikuotesha mara tatu. Niliotesha mara moja, kwa chakula cha bakteria tunachotumia kupima usaha wa wagonjwa, kisicho na magadi wala chumvi ya kutosha. Bakteria waliozoea chumvi kali hupasuka humo. Nililisoma hilo wiki ileile, barua imekwisha kwenda. Nikaona haya, fundi wa miaka ishirini, kusema nimekosea. Halafu ukaniandikia nisijilaumu. Nikashindwa kukujibu.

Desemba nilichukua udongo uliobaki, nikatia chumvi na magadi. Siku ya kumi na moja wakaota: wekundu, wa waridi, wa rangi ya chungwa, aina sita nilizoweza kuhesabu. Mama yako mdogo alinikuta nimekaa tu. Nilipomweleza akasema, "Mwambie mtoto, si mimi."

Profesa nimemwandikia pia.

Eustache

Karagwe, 2 Machi 1993

Baba Mdogo,

Mimi ni mzima. Shikamoo imegoma kutoka, univumilie.

Profesa amejibu kwamba anasikitika, lakini nafasi haipo tena. Miezi yote hiyo niliwaambia watu kuwa macho yangu yalinidanganya. Daftari langu la michoro nililichoma mwenyewe. Hilo linaniuma kuliko nafasi.

Wale wa rangi ya chungwa ni wa mviringo au wa umbo la vijiti? Waliota siku moja na wekundu? Nichoree kila aina, uandike tarehe za kweli. Sahani usizitupe.

Mukandekezi