Waya Mweupe

Jumamosi, 1 Machi

Nimefanya ujinga. Laptopu ya dada ina miaka tisa, feni yake inanguruma utadhani inataka kupaa. Kaenda saluni, nikasema nimfanyie jambo zuri kabla hajarudi. Nikaifungua yote. Skrubu kumi na moja, mswaki mkavu, vumbi la kujaza kikombe! Feni sasa kimya kabisa. Ila wakati wa kufunga – waya mweupe wa antena, ule unaobanwa kwenye kadi ya waifai – ukakatika kichwa. Nikaubandika selotepu, nikafunika. Skrubu zikarudi kumi, moja sijui imeingia wapi.

Dada akauliza, umeifungua? Nikajibu nimepangusa nje tu. Uongo ulinitoka kabla sijaufikiria.

Jumatatu, 3 Machi

Mtandao unakata. Unarudi dakika mbili, unakata tena. Na Ijumaa saa nne dada ana usaili wa ualimu, kwa video, anatakiwa afundishe somo zima wakimtazama. Miezi minane yuko nyumbani tangu shule yao ifungwe. Wamemwambia wazi: nafasi ni hiyo moja.

Nikazima, nikawasha. Nikafuta mtandao, nikaunganisha upya, nenosiri herufi kwa herufi. Dada kasimama nyuma, kanishika bega. Najua fika tatizo liko wapi, halafu nakunja uso kama mtu anayetafuta! Aibu gani hii.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimesasisha programu ya kadi. Nimezima ile hali ya kubana umeme. Maigizo matupu. Dada akasema basi tuipeleke kwa fundi. Nikaruka juu: ya nini! Laptopu ni nzima, ruta ndiyo inayosumbua.

Fundi angemaliza kwa nusu saa. Lakini angeiona selotepu.

Jumatano, 5 Machi

Ruta inayoturushia mtandao ni ya Mama Vifungo, mshonaji wa ghorofa ya chini. Katuunganisha tangu tulipohamia, kwa wema wake tu. Leo dada kashuka, kamwambia mbele ya wateja kwamba anatuzimia makusudi. Kwa sababu yangu! Mama Vifungo hata sauti hakupandisha. Kasema, mwanangu, mimi hicho kitufe chenyewe sikijui kilipo.

Nilikuwa ngazini, nasikia yote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshika bisibisi mara mbili, nimeirudisha mara mbili. Dada anafundisha kioo: habari za asubuhi watoto, leo tutajifunza mbegu inavyoota. Mama Vifungo na dada wamepishana ngazini kama hawajuani. Mimi Mama Vifungo kaniitikia vizuri, kaniuliza na hali. Hilo ndilo linaloniuma.

Kesho asubuhi namwambia dada. Mapema, kabla hajavaa.

Ijumaa, 7 Machi

Sikumwambia. Saa tatu na nusu mtandao ulikata mara nne mfululizo. Dada kaanza kulia, wanja umemfika mashavuni. Mara hodi – Mama Vifungo! Kasema kilio kinasikika mpaka chini, njoo ukae pembeni ya ruta, cherehani zote nimezizima. Laptopu kaibeba yeye mwenyewe, kwa mikono miwili. Dada akamwomba radhi ngazi nzima. Mimi nyuma yao, nimebeba chaja.

Sasa saa nne na dakika ishirini. Mtandao umeshika, haujakata hata mara moja; karibu hivi na ruta, hata waya uliokatika unatosha. Mlango umefungwa, wateja wako nje. Dada anaeleza mbegu, na sauti yake imepona, ni ile ya darasani. Mimi niko kona ya mbali, kwenye kigoda, naandika ili nisiangalie mtu.

Mama Vifungo kasogea karibu. Kaninong'oneza: ruta si ile ile? Mbona hapa haikati? Akasema, wakati naibeba kidole kiliingia kwenye tundu, skrubu moja haipo. Nani aliifungua?

Huko mezani wasaili wanamuuliza dada, nani humsaidia akikwama na vifaa. Anacheka. Kasema, nina mdogo wangu, huyo nikimpa kitu najua kiko salama.

Mama Vifungo kaisikia hiyo. Hajaniondolea macho. Kanyoosha kiganja, kama anavyodai sindano. Sijui anataka daftari au anataka jibu, na dada anakaribia kumaliza. Jibu limo humu; nampa daftari.