Panya Uliowapeleka Ukweni

Kata ya Nyanungu,
Tarime, Mara.
16 Februari 2025.

Mpendwa mwanangu Nashoni,

Pokea marahaba yangu kabla hujaniamkia, maana nikingoja shikamoo yako ije kwanza nitazeeka nayo. U hali gani huko Mwanza? Kifua kinaendeleaje na ule upepo wa ziwani? Bado unavaa ile sweta ya kijani, au umeanza kuionea haya mbele ya watu wa mjini? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikipanda kutoka mtoni, lakini limenisumbua tangu ulipokuwa darasa la tatu, kwa hiyo hiyo si habari.

Hapa nyumbani mvua imeanza vizuri na watu wameingia mashambani. Yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja amezaa ndama jike, mkaidi kama mama yake. Mwalimu Lusekelo, yule wa kutoka Mbeya anayefundisha sayansi, amekataa uhamisho kwa mara nyingine. Anasema ameshazoea ugali wetu wa mtama. Watu wanasema kuna jambo jingine alilolizoea, ila mimi sijaulizwa.

Nimekupigia simu mara nyingi, hupokei. Dada yako Beatrice ameniambia simu yako ni nzima kabisa, maana kila siku unaweka picha. Ndiyo sababu nimeandika. Barua haikatiki katikati ya maneno, wala huwezi kusema mtandao ulisumbua. Beatrice ataileta mwenyewe akirudi kazini, na nimemwagiza asiondoke hapo mpaka uimalize.

Beatrice huyo ndiye aliyenionyesha. Alikuja likizo, tukakaa nje tunachambua mboga, akasema, "Shangazi, njoo uone Nashoni alivyopendeza ukweni." Alidhani ananifurahisha. Nikaona sebule yenye makochi ya kahawia, nikamwona Agape mchumba wako, nikaona kisanduku cha kioo kimefungwa utepe mwekundu. Ndani ya kisanduku nikamwona Sista, panya wangu.

Nilimtambua kabla sijavaa miwani. Nani mwingine ana kifua cheupe namna ile na sikio la kulia lililochanika? Chini ya picha uliandika kwamba ni zawadi kwa wakwe zako, na kwamba umewafuga mwenyewe kwa mkono wako tangu wakiwa wadogo. Nilimwomba Beatrice anisomee tena. Akasoma. Nikaingia ndani, nikajifunika khanga usoni, nikalia mpaka mboga zikanyauka.

Kwa kuwa umeanza kusimulia hadithi nyingine, ngoja nikukumbushe ile ya kweli. Wewe ulikuwa Mwanza mwaka jana plau ilipopasua lile shimo kwenye shamba la ulezi. Mama yao alikimbia hakurudi. Walibaki watoto wawili, hawajafumbua macho, na vijana wa plau walitaka kuwatupia mbwa. Mimi ndiye niliyewaweka kwenye upande wa khanga na kuwanyonyesha maziwa ya mbuzi kwa ncha ya kitambaa. Mwalimu Lusekelo alipowaona na ile mikia mirefu yenye kishungi na ile miguu ya nyuma ya kurukia, akasema hawa si panya wa ghalani. Kwa Kiingereza wanaitwa gerbili, na huko ughaibuni watu huwafuga ndani ya nyumba. Kijiji kizima kilicheka. Mwanamke wa Kikurya anafuga panya, ng'ombe wapo. Na wewe ulicheka kwenye simu. Sikujali.

Walipofumbua macho hawakunipenda hata kidogo. Sista aliniuma kidole mpaka mfupani. Nilichofanya ni kuuweka mkono wangu ndani ya lile pipa la mchanga nililowawekea, kiganja juu, punje chache za mtama katikati, nikautuliza hapo nikiendelea na mazungumzo yangu na jirani. Siku ya kwanza waliukimbia. Siku nyingine waliunusa. Baadaye wakaanza kula juu yake, na mwisho Sista akawa analala kwenye kiganja, moyo wake ukigonga kama saa ndogo. Koroboi, yule mweusi mweusi, alikuwa mwoga zaidi, ila naye alikuja. Nikawafundisha kuitika ule mlio wa ulimi kwenye kaakaa, ambao bibi yako alikuwa akiwaitia ndama wakati wa kukama. Nikiupiga tu, wanatoka mchangani wote wawili na kusimama wima, mikono kifuani, utadhani wanaungama.

Mlio huo nilikufundisha na wewe, ulipoletwa kwangu baada ya wazazi wako kufariki. Ulikuwa mdogo, ndama walikuwa wanakukanyaga, nikakuonyesha namna ya kuwaita wakufuate. Krismasi ulipokuja, ukakaa karibu na lile pipa jioni nzima ukiwapigia ulimi na kucheka. Nilikuangalia kutoka jikoni nikasema, kumbe mwanangu bado yupo. Sikujua kwamba unafanya mazoezi.

Halafu ile asubuhi ya siku uliyoondoka. Nilikwenda na punje zangu, nikapiga ulimi, kimya. Waya wa juu umesogezwa. Nikapiga yowe. Ndiyo, najua, yowe kwetu si la kuchezea. Mwanamke akipiga yowe alfajiri hakuna anayeuliza, wanaume wanatoka na pinde na mikuki wakijua ng'ombe wameibiwa. Lilinitoka kabla sijafikiri. Jirani yangu Werema alifika na kiatu kimoja cha mvua na mshale mkononi. "Ng'ombe wangapi?" akauliza. Nikasema hakuna ng'ombe. "Mbuzi?" Nikasema panya wangu. Mzee Athanas wa sungusungu akaushusha mkuki wake chini taratibu, akasema, "Mama, umetutoa vitandani kwa panya?" Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Wewe hukucheka. Hilo ndilo lililonishika siku ile, nikakuombea baraka moyoni. Ulisema, "Mura, msimcheke shangazi, hao ndio watoto wake." Ukachukua tochi, ukainama kutafuta nyayo kama inavyotafutwa mifugo. Ukazipata nyayo za paka, ukatuongoza hatua kwa hatua mpaka zikaishia kwa Werema. Unajua desturi yetu kama ninavyoijua mimi, nyayo zikiishia kwenye boma lako, ni wewe wa kujibu. Mzee Athanas akaanza kwa mzaha, lakini uliposisitiza na mimi nikilia, ikabidi aseme neno, na neno likawa kwamba paka aondoke. Werema hakubisha. Alimtia kwenye gunia akampeleka kwa dada yake Ringwani. Jioni ukapanda gari na ule mkoba wako uliokataa nikubebee. Ulisema una nguo zilizopigwa pasi.

Sasa panya wa kawaida, wale wezi, wamelila ghala la Werema mpaka chini. Jana nilikwenda kwake kumweleza ukweli na kumwomba radhi. Akasema, "Mimi nilifikiri hata paka nimemjua vibaya." Nashoni, sisi watu wa huku tunasemwa sana kwa kuchukua ng'ombe wa wenzetu, na babu zetu walijisifu kwa hilo. Lakini mwizi wa ng'ombe huwa hakimbii pamoja na wanaofuata nyayo. Hukimbia mbele yao.

Utasema hukuwa na cha kupeleka. Najua mkono mtupu haulambwi, na najua mdogo wake Agape anapenda wanyama, maana uliniambia mwenyewe. Ungeniomba, ningekataa. Sikudanganyi. Ningekataa kwa maneno makali, ungeondoka umenuna, nami ningekosa usingizi, na asubuhi ningekufuata stendi ya Tarime na pipa kichwani. Hivyo ndivyo ungewapata. Ulinijua miaka yote hiyo na hilo hukulijua?

Nimekasirika, Nashoni, na bado nimekasirika ninapoandika. Lakini hao wanyama hawajui hasira yangu, na kwa jinsi nilivyoona kwenye picha, mtawaua. Kwa hiyo sikiliza.

Hicho kisanduku kitoeni dirishani. Kioo kikipigwa na jua ni chungu jikoni. Toeni ile pamba, inawanyonga miguu. Waletee mchanga mkavu, mwingi, wa kuzama mpaka kiwiko, kwa sababu asiyeweza kuchimba huchanganyikiwa. Kwenye bakuli pembeni weka mchanga laini uliochekechwa, huo ndio maji yao ya kuoga. Usiwaogeshe kwa maji kamwe. Niliona kipande cha mkate na kabichi, toa. Wape mtama, ulezi, mbegu kidogo za alizeti, na kumbikumbi ukiwapata. Maji kidogo tu, safi. Wawekee tawi la mpera watafune, la sivyo meno yatakua mpaka washindwe kula.

Usiwatenganishe. Wakikaa mbalimbali siku chache wanasahauliana, na ukiwarudisha pamoja wanapigana mpaka damu. Ukimsikia mmoja anapiga miguu ya nyuma chini, tu tu tu, anamwambia mwenzake kuna hatari. Hapo muache, ondoka, na huyo mdogo wake Agape aondoke pia. Usiingize mkono kutoka juu. Mkono wa kutoka juu kwao ni mwewe. Uingize kutoka pembeni, kiganja juu, na uwe na subira.

Na mkia, Nashoni. Gerbili hashikwi mkia. Ngozi yake huchomoka kama soksi, kinachobaki hukauka na kukatika, wala hakioti tena. Sista alikuwa na mkia mrefu kuliko mwili wake. Kwenye picha ana kipande kama kidole. Kwa hiyo najua ulivyomtoa kwenye pipa. Alikuja kwako kwa sababu ulimwita kwa mlio wa bibi yako, akasimama wima kama nilivyomfundisha, nawe ukamkamata mkia. Nimelala na jambo hilo kila siku tangu nilipoiona hiyo picha. Mimi ndiye niliyemfundisha asikimbie.

Koroboi sikumwona. Beatrice aliikuza picha mpaka ikawa ukungu, sikumwona. Nataka kuamini kwamba amejificha nyuma ya ile pamba.

Sasa jambo la mwisho. Baba yako mdogo Hezekia ameniambia posa ni baada ya Pasaka na kwamba mnaningoja. Unajua kwa nini mnaningoja. Ng'ombe wa mahari walionitoa mimi ndio waliomleta mama yako kwa baba yako Marwa, na kwenye ukoo wetu hakuna anayeoa bila shangazi yake kusimama na kusema, huyu ni wetu, tunamjua. Agape sina neno naye. Kwenye picha alikuwa amemfunika Sista kwa mikono miwili asiguswe na watu, na hilo hakufundishwa na yeyote. Nitakuja. Sitaacha kuja.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii yako inaishia sebuleni kwao. Waambie mwenyewe kabla sijafika. Waambie ni nani aliyewafuga na waliondokaje. Ukiwa umeshasema, nitakuja na gunia la mchanga wa mtoni na debe la ulezi, nikae na huyo mtoto nimfundishe vizuri, na panya watabaki kwake. Werema naye utamrudishia paka wake kutoka Ringwani, wewe mwenyewe, na utamwomba radhi mbele ya Mzee Athanas. Ukiwa hujasema, sitakuaibisha kwa maneno. Nitasalimia wakubwa, nitakunywa chai yao, halafu nitainama kwenye kile kisanduku na kupiga ulimi. Wataona wenyewe wanakuja kwa nani.

Nisalimie Agape na huyo mdogo wake. Msalimie baba yako mdogo Hezekia, mwambie dawa ya goti aliyonitumia imeisha. Werema anakusalimia, nilimuuliza kama niandike hivyo, akasema niandike. Mungu akulinde barabarani na kazini, akulinde na watu wabaya, na akulinde usije ukawa mmoja wao.

Koroboi kama yupo, mwambie Beatrice aniambie siku hiyohiyo. Kama hayupo, usimtume Beatrice. Njoo uniambie wewe.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda hata leo, na ndicho kinachoniuma,

Rhobi Matiko