Viazi vya Camas Rua

Jumatano, 6 Aprili 1921

Kah! Sepeto la baba liligonga jiwe la meko, chini ya nyasi. Mlio huo bado ninao masikioni. Miaka sabini kondoo wa mwenye kisiwa wanalala juu ya meko ya bibi aliyemzaa babu! Watu walitolewa, kondoo wakaingizwa. Kisha vita, na serikali ikawaahidi kina baba ardhi wakirudi. Wamerudi. Ardhi hawajaiona.

Basi leo tumeingia wenyewe huku Camas Rua, nyumba sita. Tumebeba mwani wa mbolea kutoka ufukweni, tumeinua matuta, tumepanda viazi. Mgongo hauna hali. Furaha tupu!

Ijumaa, 8 Aprili

Bwana Pringle, meneja wa mwenye kisiwa, kaja shuleni. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule pia. Mbele ya watoto akauliza mikono ya mwalimu ina matope ya nini. Ya viazi, nikamjibu. Nichague, akasema: darasa au matuta. Mwisho Jumatatu.

Mchungaji wa kanisa naye — tulia binti, mshahara wako ndio unaolisha nyumba yenu. Kweli. Inauma kwa sababu ni kweli.

Shangazi Seonag kacheka tu: "Wakikufukuza, kafundishe kondoo. Wametoka kusini kwa Waingereza, Kiingereza wanakijua kuliko watoto wako!"

Jumapili, 10 Aprili

Siku ya Bwana siandiki. Leo naandika, Mungu anisamehe.

Tukiwa kanisani, Pringle alituma vibarua wa bara wang'oe viazi. Alijua Jumapili hapa hakuna atakayegusa hata ndoo ya maji. Matuta matatu! Mjinga yule. Angeng'oa kesho, nusu ya kijiji wangesema sheria ni sheria.

Mchungaji alisimama katikati ya mwani na viatu vyake vya ibada. Siku ya Bwana, alirudia. Siku ya Bwana! Baba aliinama kuvifukia viazi. Mchungaji akamshika mkono: "Kesho, Torcall. Na mimi nitakuja."

Jumatatu, 11 Aprili

Kaja kweli! Sepeto kalikumbatia kifuani. "Mchungaji," shangazi akampigia kelele, "hilo si la kubatizwa, ni la kuchimbia!" Hata yeye alicheka. Viazi vyote vimerudi udongoni.

Pringle anataka majina ya wavamizi, ayapeleke mahakamani. Jana baba alisema langu lisiwemo. Nani atatulisha, mwanangu? Nikamtakia usiku mwema. Akadhani nimekubali.

Alfajiri niliandika orodha mwenyewe, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Majina saba: wenye nyumba sita na mimi. La kwanza langu. Nikaufunga ufunguo wa shule ndani ya karatasi, nikamkabidhi Pringle mlangoni kwake kabla ya kengele.

Baba bado hajui. Yuko kule chini na kapu la mwani mgongoni, anapiga mluzi.