Sufuria ya Bibiche Mezani pa Waingereza

Nuha wangu ameshika nambari moja ya historia, shule nzima hapa Sharpstown, na Jumamosi saa nane mchana anasimama mbele ya waamuzi wa mashindano ya Houston yote. Sasa ndio nikusalimu, mpendwa mshauri Lydiah, naomba msaada, maana furaha yangu imeingia mchanga na aliyeutia ni mimi.

Mada yake ni Waingereza wa kwanza kuhamia Virginia, mwaka 1607, wakajenga Jamestown, njaa ikawaua, na Wapowhatan wenye nchi wakawaletea mahindi, kisha wageni wakashiba wakawanyang'anya ardhi, na mtoto akamalizia kwamba sisi pia tulipofika kutoka Mombasa jirani yetu Mkongo, Bibiche, alitulisha miezi mitatu. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu lakini kujisifu najua, kina mama wa Pwani huku nimewaambia kwenye kundi letu la simu kwamba siku zote tulijitegemea, basi nikamwambia Nuha afute, aandike hatukuomba mtu. Akaniambia, "Mami, lakini tulikula kwake." Nikamfokea, akafuta.

Siku ya mazoezi nikaalika watu, na Bibiche naye, na pale mezani pa Waingereza, meza aliyoipanga kuonyesha wakilishwa, Nuha kaweka sufuria kubwa ya mahindi, ile ile aliyotuletea Bibiche ikiwa na chakula na mimi sikuirudisha mpaka leo. Mwanangu akasema hatukuomba mtu. Bibiche akaniambia polepole, "Ile sufuria niko naijua, Mama Nuha," akaenda zake. Simu hapokei, na Nuha haniangalii usoni. Nifanyeje?

Mwatime, Sharpstown

Mwatime dada yangu, hongera, ingawa hongera hiyo ni ya Nuha. Wewe mtu wa Pwani unajua chombo cha jirani hakirudi kitupu. Chako hakikurudi kabisa. Njaa si aibu. Wale Waingereza hawakukosea kwa kula, walikosea waliposhiba wakasahau mkono uliowalisha, na mtoto alilielewa somo hilo mpaka ulipomfutisha.

Simu acha. Pika biriani, jaza sufuria hiyo, nenda na Nuha ukabishe hodi, useme mtoto akisikia: "Ulitulisha, nikaona haya kusema." Huenda asikusamehe; sufuria iache hata hivyo. Nuha arudishe maneno yake yote, na kina mama waandikie ukweli kwa simu ile ile uliyojisifia. Kiti cha mbele kiwekee jina la Bibiche, aje asije. Mimi natoka kwangu DeSoto na gari limejaa wenzangu, nao hao kina mama waambie waje wote: Jumamosi, saa nane mchana.