Vitumbua vya Bangkok

Bibi, shikamoo.

Leo asubuhi hapa Bangkok, begi mgongoni, nimefuata harufu ya nazi hadi kwa mama mtu mzima anayechoma vitumbua kando ya barabara. Chuma chake kina mashimo kama chako cha Kisarawe, ila vitumbua vyake havina iliki. Nikajisahau, nikamwamkia, "Shikamoo," halafu nikabaki nimesimama nasubiri. Alinitazama, akacheka, akaniongezea kimoja cha moto. Nimekula palepale juani, moyo wote uko jikoni kwako.

Mungu akupe afya, na magoti yapoe. Kadi hii ikifika, itikia kwa sauti, hata kama Mama atakushangaa. Ile marahaba bado naisubiri.

Mjukuu wako,
Zuhura