Kitufe Chekundu Nisichokibonyeza

Avenue ya 9, Buyenzi
Bujumbura
10 Septemba 2021

Mpendwa rafiki na ndugu yangu Seifu,

Assalaam alaykum. Habari za Lubumbashi? Watoto hawajambo? Huku jipya ni hili: leo asubuhi daktari Mélissa amesema mama yako atatoka hospitali kesho. Tangu Jumatano anapumua bila oksijeni.

La pili ni zito kwangu. Ulimwandikia dada yako Asiya kwamba alimwacha mama akikosa pumzi toka adhuhuri hadi alasiri. Hakumwacha. Kosa ni langu.

Mwezi wa saba nilipima redioni programu tano za simu zinazoshauri watu kuhusu korona. Nilizipa alama kwa lugha, uwazi wa maelezo, usiri na kitufe cha dharura. Iliyoongoza ilipata kumi na nane juu ya ishirini. Kitufe chake nilikiona, chekundu, mahali pazuri, nikakipa alama zote nikiwa nimekaa ofisini Rohero. Sikukibonyeza. Kwa miaka ishirini na miwili ya utangazaji sikuwahi kusoma namba hewani kabla ya kuipiga.

Asiya aliiweka kwenye simu kwa sababu niliisifu. Siku ile ilimwambia abonyeze, asitoke nyumbani, asubiri msaada. Alibonyeza mara tisa, akasubiri, mpaka jirani yenu Abdu alipowapakia garini. Jumatatu hii nimekibonyeza mwenyewe. Kinapiga namba ya nchi nyingine, nayo imefungwa.

Ujumbe wako niliusoma kwenu, Asiya akinishikia simu huku analia. Habari ya kitufe nilikuwa nimeshaisikia. Nikarudisha simu, nikanyamaza wiki tatu. Hilo linaniumiza kuliko zile alama.

Jana hospitalini nilimwambia Asiya kwamba kitufe sikukijaribu. Akanitazama sana. "We mutu wa redio, kidole kimoja tu kikakushinda? Sasa mwandikie Seifu. Mi nimechoka kujitetea."

Mama yako, kitandani, akacheka mpaka akakohoa: "Ile simu ilinipa pole mingi, Twalibu. Gari ndiyo apana."

Usinijibu mimi kwanza. Mpigie Asiya.

Nisalimie shemeji Khadidja na Anouar. Allah awahifadhi nyote na awakinge na maradhi haya.

Jumanne tarehe 14, saa moja asubuhi, nitasoma sahihisho hewani kwa jina langu. Asiya amekubali kuja kukaa studio nami.

Nduguyo anayekupenda, kwa aibu,
Twalibu